Foklifti ya betri au ya dizeli? Tazama sakafu kwanza

Wanunuzi wengi hapa Mwanza huanza na bei. Tazama kwanza foklifti, yaani gari la kunyanyulia mizigo, itatembea wapi. Kama ni yadi ya marobota ya pamba, changarawe, mteremko na matope ya masika, chukua dizeli yenye matairi ya upepo, wala tusibishane. Foklifti nyingi za betri zina matairi madogo magumu na tumbo liko chini. Kokoto tu zinazikwamisha.

Kiwanda cha minofu ya sangara ni habari nyingine. Moshi wa dizeli una kaboni monoksaidi, hatari kwa watu ndani ya jengo lililofungwa, na masizi yake hutua kwenye maboksi. Humo ni betri tu. Ila kwenye chumba cha nyuzi 18 chini ya sifuri betri ya risasi (ile ya kawaida yenye tindikali) hupoteza nguvu, kwa hiyo foklifti ifanye kazi humo, isilale humo. Kila inapotoka humo kwenda kwenye joto la nje hutoa jasho, na maji hayo huingia kwenye nyaya. Tafuta iliyotengenezwa kwa vyumba vya baridi.

Sasa hesabu. Betri ya volti 48, Ah (ampea-saa) 600, ina kWh 28.8. Usitumie zaidi ya asilimia 80 ya chaji yake, basi una kWh 23 hivi za kazi. Kuchaji ni kama saa 8, kupoa saa nyingine kadhaa. Ukiwa na zamu mbili, nunua betri mbili. Na umeme ukikatika usiku kucha, asubuhi dizeli inadai dumu la mafuta tu. Ya betri imesimama.

Kinachoua betri nyingi za risasi ni kukosea kwenye maji. Ongeza maji safi ya betri, yasiyo na tindikali, baada ya kuchaji. Ukijaza kabla, maji hupanda wakati wa kuchaji, tindikali inamwagika na kula sanduku la chuma. Ukikuta sahani za risasi zilizo ndani ziko wazi, zifunike kidogo tu, chaji, ndipo ujaze. Chajia penye hewa, mbali na moto: betri hutoa haidrojeni.

Betri ya lithiamu haihitaji maji, lakini ni nyepesi, na betri ya foklifti ndiyo sehemu ya uzito wa kusawazisha mzigo. Soma kibati cha foklifti: kinataja uzito wa chini wa betri. Ukipungua, ongeza chuma kama mtengenezaji anavyoelekeza, la sivyo nyuma itanyanyuka siku ya mzigo mzito.

Ukinunua iliyotumika, usiamini mita ya saa za kazi peke yake. Nyanyua mzigo, pima volti za seli zote 24 za betri hiyo ya volti 48, moja moja. Moja ikishuka mbali na wenzake, jadili bei ya betri nzima, si ya seli hiyo.