Bado Hakujakucha, Lakini Nyota Ipo

Desemba 21, alfajiri

Mama amelala. Dawa ya saa kumi na moja ameimeza kwa shida, maji nikimpa kijiko kwa kijiko, na mpaka sasa kiganja chake kimekishika kidole changu cha shahada, hakiachii. Ninaandika kwa mkono mmoja.

Hii ni wiki ya tatu nakesha. Usiku wa kwanza niliomba sala ndefu, kisha zikawa fupi, kisha maneno yakanikauka kabisa. Yamebaki majina. Nalitaja moja na kunyamaza. Imanueli. Mchungaji Mwema. Mkate wa Uzima. Kanisani huwa tunayataja kwa mkupuo, sauti zikipanda, na raha yake naijua. Ila jina ukikaa nalo peke yako usiku kucha, hukuonyesha upande ambao hukuwahi kuutazama.

Jina nililoanza nalo ni Simba wa Yuda. Ugonjwa ulipoingia ndani ya nyumba, huyo ndiye niliyemwita. Nilitaka angurume mara moja tu, maumivu yakimbie. Juzi nikafungua Ufunuo sura ya 5, mahali Yohana analia sana kwa kuwa hakuonekana mtu wa kukifungua kitabu chenye mihuri saba. Mmoja wa wale wazee anamwambia asilie, Simba wa kabila la Yuda ameshinda. Yohana anatazama. Badala ya simba anamwona Mwanakondoo, amesimama, kana kwamba amechinjwa.

Nilirudia aya hizo mara nne. Kumbe Simba niliyekuwa namngoja ndiye huyo huyo mwenye jeraha. Alama ya kisu ingalipo mwilini mwake, naye amesimama. Mimi ninayemgeuza mama kila baada ya saa chache ili mgongo usichubuke, mimi ninayejua sasa ni wapi hasa ukimgusa anashtuka, siwezi kueleza nilivyolia. Ninamwomba mtu anayejua mwili unaouma ni kitu gani.

Isaya naye. "Basi litatoka chipukizi katika shina la Yese." Nilikuwa nikilisikia kila Majilio, majuma yale ya kuingojea Krismasi, na kuona mti mzuri tu, wenye tawi jipya. Safari hii nikaanza kusoma kutoka mwisho wa sura ya 10, na kule ni shoka tupu: matawi yanakatwa, miti mirefu inaangushwa. Chipukizi linatokea hapo, kwenye kisiki. Tena nabii hamtaji Daudi mfalme, anamtaja Yese, baba yake, kama vile enzi yote imefyekwa na kurudishwa mahali ilipoanzia, kwa mzee wa Bethlehemu aliyekuwa na kondoo. Naona hiyo ndiyo habari njema ya jina lenyewe. Halikunitaka nijifanye kwamba mti haujakatwa.

Lakini jina la leo ni jingine. Tangu karne nyingi, Kanisa la Magharibi huimba antifona saba, yaani viitikio vifupi, kwenye Masifu ya Jioni kuanzia Desemba 17 hadi 23, kila moja ikimwita Masiya kwa jina lake: Hekima, Bwana, Shina la Yese, Ufunguo wa Daudi, Mapambazuko, Mfalme wa Mataifa, Imanueli. Ukichukua herufi za kwanza za majina hayo kwa Kilatini, ukazisoma kuanzia la mwisho kurudi la kwanza, unapata "ero cras": kesho nitakuwapo. Zamu ya Mapambazuko ni jioni ya leo, tarehe 21, siku ambazo nusu ya kaskazini ya dunia iko kwenye usiku mrefu kuliko zote za mwaka. Wanamwita aje awaangaze wakaao katika giza na uvuli wa mauti. Uvuli wa mauti. Zamani nilipita juu ya maneno hayo haraka haraka.

Na katika sura ya mwisho ya Biblia, Yesu mwenyewe anajiita "ile nyota yenye kung'aa ya asubuhi." Watu wengi huiita Zuhura. Haiendi mbali na jua hata siku moja. Ikionekana mashariki kabla ya kucha, jua liko nyuma yake, hazitapita saa tatu na ushee kabla halijachomoza. Nilikuwa nikijiuliza kwa nini asijiite jua, na Malaki amekwisha kumpa jina hilo, Jua la Haki. Usiku huu sijiulizi tena. Nyota ya asubuhi huonekana na anayekesha. Giza bado ni giza, dawa bado ni chungu, na yenyewe imeshatoka.

Nilipomwinua mama ameze vidonge, pazia lilikuwa limeachia upenyo. Akatazama nje kitambo.

"Kumekucha?"

"Bado, mama. Ile ni nyota."

Akanyamaza, nikadhani amerudi usingizini. Nikanyoosha mkono nivute pazia.

"Liache hivyo hivyo, mwanangu."

Nimeliacha.