Wimbo uliokaa kwenye la

Nilipoanza kupiga kinanda kwenye kwaya yetu, skeli maina, ule mpangilio wa noti wenye sauti ya huzuni, nilikuwa nimeikariri: toni, nusu, toni, toni, nusu, toni, toni (nusu toni ni hatua hadi kitufe kinachofuata cha kinanda, toni ni hatua mbili za aina hiyo). Ningeweza kuitaja usingizini. Kuielewa ilikuwa jambo jingine.

Siku moja tulipewa wimbo wa solfa, yaani ulioandikwa kwa do re mi, juu kushoto umeandikwa Doh ni G: do inapigwa kwenye noti ya G. Nikaupiga kwa G mwanzo hadi mwisho, na mwishoni nikaweka kodi ya G, yaani noti zake kadhaa kwa pamoja. Kwaya walikuwa wameshatua, lakini kwa kinanda changu ilisikika kama kuna mstari umebaki. Mwalimu akasimamisha mazoezi. "Mwanangu, tazama besi wanaishia wapi." Wanaishia la. "Basi wimbo huu haukai kwenye do, unakaa kwenye la."

Usiku ule nilifanya jambo ambalo hadi leo namwelekeza kila anayeniuliza. Nilishikilia G ya chini kwa mkono wa kushoto bila kuiachia, nikaimba do re mi fa so la ti do. Kisha nikaiacha, nikashikilia E, nikaimba noti zilezile nikianzia la: la ti do re mi fa so la. Sikuongeza wala kupunguza noti hata moja. Shapu, alama ya kupandisha noti nusu toni, ni ileile moja, ya F. Lakini wimbo ulikuwa umehama nyumba, na nilihisi kifuani kabla sijaweza kueleza.

Maelezo yalikuja nilipohesabu vitufe. Nusu toni hazijasogea. Bado ziko kati ya mi na fa, na kati ya ti na do. Ila ukianzia la, ti–do inaangukia kati ya noti ya pili na ya tatu, na mi–fa kati ya ya tano na ya sita. Ile fomula niliyoikariri ndiyo hiyo hiyo! Kutoka do kwenda mi kuna nusu toni 4. Kutoka la kwenda do ziko 3 tu. Tofauti hiyo ya kitufe kimoja ndiyo inayobeba kivuli chote cha maina. Ukitaka kuisikia waziwazi, piga C, E, G, halafu shusha E peke yake nusu toni iwe E flati.

Kilichonisumbua zaidi kilikuwa "se" kwenye ubeti wa pili. Nilidhani mwandishi amekosea so. Kumbe katika maina asilia, ile ya fomula yangu, so iko toni nzima chini ya la, haiusukumi wimbo urudi nyumbani kwenye la kwa nguvu, kwa hiyo watunzi wengi huipandisha nusu toni iwe se, na hapo skeli si asilia tena, ni ya hamoniki. Nashukuru sikuisahihisha kwa kalamu.

Siku hizi nikipokea wimbo mpya, nasoma Doh ni ngapi, kisha macho yanakwenda moja kwa moja kwenye noti ya mwisho ya besi.