Shajara ya Chui, Mbwa wa Mikindani

Kusi limepungua nguvu hapa Mikindani, mikorosho ya nyuma ya nyumba imeanza kuangusha mabibo ya mwanzo, na mazoezi yetu sasa huanza mapema sana, watu wakiwa ndio kwanza wanatoka msikitini kuswali Alfajiri. Sababu ni joto. Mbwa hatoi jasho mwili mzima kama binadamu. Nyayo zangu hutoa kidogo tu, na joto lililobaki ni lazima nilitoe kwa kuhema, ulimi ukiwa nje. Mwalimu, ambaye ndiye aliyenilea na ndiye mwongozaji wangu, analijua hilo vizuri, na siku akichelewa kutoka huugusa mchanga kwanza kwa mgongo wa mkono wake. Akiuona una moto, hapana mazoezi, nami hurudishwa kivulini chini ya mwembe.

Mchezo wetu huitwa ajiliti, yaani mbwa kukimbia na kupita viunzi akiongozwa na mtu wake. Mwalimu aliuona kwenye simu yake, akaupenda, akausoma kwa kina, kisha jioni moja akawasimulia watoto wa jirani habari zake huku mimi nikiwa nimelala miguuni pake. Ulianza London mwaka 1978, katika maonyesho ya mbwa ya Crufts, pale waandaaji walipotaka kitu cha kuwachangamsha watazamaji katikati ya shughuli nyingine, wakaliazima wazo la farasi wanaoruka viunzi. Mbwa hukimbia bila kamba, mwongozaji haruhusiwi kumgusa yeye wala vifaa, na mpangilio wa viunzi hubadilishwa kila shindano, hivyo hakuna njia ya kukariri. Hapo ndipo ninapoupendea mchezo huu. Mbwa hana budi kumsoma mtu wake hatua kwa hatua, na mtu naye hana budi kuwa wazi katika kila anachokifanya kwa mwili wake.

Mimi ni mbwa wa kienyeji, mwenye manyoya mafupi ya rangi ya mchanga, na vifaa vyangu vimetokana na vitu vya hapa hapa. Fito za viunzi ni mianzi. Handaki limeshonwa kwa magunia ya korosho juu ya pete za nondo, na hata sasa nikiingia humo harufu ya korosho hunijaa puani kabla giza halijanijaa machoni. Tairi la pikipiki limening'inizwa kwenye tawi la mwembe. Nguzo za kupita kwa kupindapinda ni vipande vya bomba la plastiki, 12 kwa idadi, vimechomekwa ardhini vikiachana sentimita 60, kama sheria za kimataifa zinavyotaka.

Nguzo hizo zinastahili kuelezwa zaidi, kwa maana watazamaji wengi huona mkia tu ukipepea. Nguzo ya kwanza lazima ipite begani kwangu upande wa kushoto, hata nikitokea pembe gani ya uwanja. Nikishaingia, uti wa mgongo hujipinda kulia na kushoto kwa mapigo yasiyopishana, kila bomba likinigusa mbavu kidogo na kulegea nyuma yangu, na nikipoteza pigo moja tu nitaikosa nguzo na kulazimika kurudi. Mwalimu wakati huo huwa kimya. Yeye hukimbia sambamba nami, mabega yake yakitazama mbele, na mabega hayo hunieleza zaidi kuliko sauti. Akiyageuza kuelekea kwenye mwembe, ninajua kinachofuata ni tairi. Akipunguza mwendo, ninajua kona iko karibu. Watu hudhani mbwa husikiliza maneno, nasi huyasikiliza kweli, lakini maneno na miguu vikipingana, sisi huifuata miguu.

Nilipokuwa bado mtoto, mianzi yote ililazwa chini kabisa. Ncha za mifupa ya mbwa mchanga bado zinakua, na kumrusha juu mapema ni kumharibia viungo vya uzeeni. Hata mashindano ya kimataifa hayampokei mbwa aliye chini ya miezi 18. Walikuwapo vijana waliomhimiza Mwalimu apandishe fito waone nitafika wapi. Alikataa kwa upole, na ninamshukuru kwa kila asubuhi ninayoamka bila maumivu.

Kasi nilizaliwa nayo. Lililohitaji kufundishwa ni kusimama. Ncha za ubao wa pembea, za daraja jembamba na za ubao wenye umbo la paa zimepakwa rangi ya njano, rangi ambayo macho ya mbwa huiona vizuri pamoja na buluu, na wakati wa kushuka ni lazima angalau mguu wangu mmoja uguse hapo. Anayeliruka eneo hilo huandikiwa pointi 5 za adhabu, sawa na anayeangusha fito, na sheria hiyo imewekwa kwa huruma, kwa sababu mbwa anayejirusha kutoka juu huumia mabega. Kwenye pembea jambo hili ni zito zaidi. Nikivuka katikati, ubao huanza kunizamia chini ya miguu, na silika yote mwilini hunihimiza kuruka. Mwalimu aliweka magunia ya mchanga chini ya ncha zote mbili ili ubao ucheze kwa upana wa vidole vichache tu, akaniambia "Subiri", akanipa kipande cha dagaa hapo hapo kwenye njano. Magunia yamekuwa yakipunguzwa taratibu, na kishindo cha ubao kimegeuka kuwa habari njema ya dagaa.

"Subiri" hiyo ndiyo iliyonipa nafasi yangu mtaani. Jirani yetu ni bibi mtu mzima, mcha Mungu, ambaye hutandika mkeka wake wa ukili barazani na kuweka birika la maji ya kutawadhia pembeni. Katika mafundisho yanayofuatwa na Waislamu wa pwani hii, chombo kilicholambwa na mbwa huoshwa mara saba, mojawapo kwa udongo, na mate yangu yakigusa nguo yake ni kazi kubwa kwake kabla ya swala. Hilo ni haki yake, na ni wajibu wangu kulilinda. Zamani alikuwa akimwambia Mwalimu kwa mbali, "Mwanangu, mwite apite upande wa mwembe, hapa nimeshatawadha," na Mwalimu hujibu, "Ndiyo, Bibi," akaniita. Juzi Mwalimu alikuwa shuleni, kuku alikatiza mbio mbele ya baraza, nami nikamfuata kwa kasi. Bibi hakuokota jiwe wala hakupiga kelele. Alisema, kwa sauti ile ile tulivu anayoisikia kila asubuhi kupitia ukutani, "Chui, subiri." Nilisimama miguu yote minne kabla ya kufika kwenye mkeka. Akaniangalia kidogo, akasema, "Haya, nenda zako," na nikaenda. Hakuna sifa niliyowahi kupewa uwanjani inayolingana na hiyo.

Tarehe 28 Septemba, Siku ya Kichaa cha Mbwa Duniani, tutakwenda kwa afisa mifugo kuchanjwa. Ugonjwa huo hupita katika mate kwa kuumwa, na Shirika la Afya Duniani linasema mbwa ndio chanzo cha hadi asilimia 99 ya maambukizi kwa binadamu, na kwamba wakichanjwa asilimia 70 ya mbwa wa eneo, mnyororo wake hukatika. Ninatamani kila mbwa wa Mikindani apelekwe, hata wale wasio na mwenyewe. Mimi nitasimama kwa neno lile lile la pembea, na sindano itapita.

Baada ya hapo zimebaki wiki chache za kazi kabla uwanja haujatandazwa korosho za kuanikwa, ambazo usiku nitazilinda mimi. Mwalimu amesema gunia la mwisho litaondolewa chini ya pembea Jumamosi.