Nguo za kichanga: mimi nilikuwa naangalia uzuri tu

Mimba yangu ya kwanza nilienda Kariakoo nikiwa na miezi 8, miguu imevimba, hela ninayo lakini sijui bodisuti ni ipi na rompa ni ipi. Nikanunua kilichonipendeza macho, ovaroli la manyoya lenye masikio ya sungura, vigauni vya nailoni, na bodisuti, vyote vimeandikwa miezi 0-3, nikajua nimemaliza.

Mtoto kazaliwa Januari, kilo 2.8, na joto la Dar la mwezi huo mnalijua. Lile ovaroli nilimvalisha siku moja tu, jioni navua shingo yote harara. Bodisuti nazo mikono inapita vidole, shingo pana mpaka bega liko nje. Nikaenda mitumba ya Karume kutafuta ndogo nikakuta nguo za Ulaya zina namba 50, 56, 62, nikadhani ni saizi za kiwandani, kumbe ni urefu wa mtoto kwa sentimita! Nikarudi nyumbani nikampima na futi ya fundi cherehani, 49. Basi 50 zikamkaa vizuri, na 56 nikaziweka maana baada ya wiki chache tu atakuwa amerefuka.

Ila kilichonifungua macho ni siku ya nne. Mtoto kajisaidia, pampasi imevuja mpaka mgongoni, bodisuti ya njano tupu, mimi naanza kuivutia juu nimtoe kichwani. Shangazi akanishika mkono akasema "Mama, utampaka kwenye nywele, ishushe." Akanionyesha pale mabegani kitambaa kimepishana kama bahasha, ukikivuta shingo inapanuka, nguo yote inateremka miguuni. Zile bega nilikuwa naziona kila siku nadhani ni urembo.

Tangu hapo nikishika nguo ya mtoto kwanza naangalia inafungukia wapi. Bodisuti ni kama fulana inayofungwa katikati ya miguu na vile vifungo vya kubonyeza, inashikilia pampasi isishuke, miguu inabaki wazi, kwa joto la pwani hiyo ndo nguo. Rompa ni hiyohiyo ila imeongezwa kaptula au suruali. Ovaroli la kulalia limefunika mpaka nyayo, hapo chagua lenye zipu, usiku wa saa nane vifungo kumi gizani mtoto analia utavikosea tu. Kuna vigauni vyenye lastiki chini, unapandisha unabadilisha nepi unashusha, navipenda mno kwa usiku. Na kabla kitovu hakijadondoka, fulana za kufunga kamba ubavuni ndo nzuri kuliko zote, hazipiti kichwani wala hazisugui kitovu.

Juni tukaenda Njombe kwa mama mkwe. Kule baridi si mchezo, asubuhi unatoa moshi mdomoni. Hapo likaja somo jingine, vichache juu ya vichache badala ya kitu kimoja kizito, fulana ya pamba ndani, bodisuti ya mikono mirefu, ovaroli, sweta, kofia. Kujua kama ana baridi nilikuwa namgusa shingo kwa nyuma au kifua, mikono ya mtoto huwa ya baridi hata akiwa sawa. Kitu sikutegemea ni mgongoni. Ukimbeba na khanga ovaroli lenye nyayo linavutika juu, vidole vinakunjamana ndani, alikuwa analia sielewi mpaka mama mkwe akamshusha akamvua akakuta vidole vyekundu. Nikakata nyayo za ovaroli mbili, nikamvalisha soksi. Soksi nazo nazigeuza ndani nje kabla ya kumvalisha, unywele ukijizungusha kwenye kidole kidogo vile unakikaba kabisa.

Nepi na nguo zote zilizoanikwa nje napiga pasi, hata nguo za ndani, maana kuna nzi anataga kwenye nguo mbichi na funza wake anaingia kwenye ngozi.

Sasa wifi yangu ana miezi 7, nimemfungashia bodisuti sita za pamba, vigauni vinne vya lastiki na fulana tatu za kamba. Lile ovaroli la sungura bado ninalo, halijavaliwa tena.