Jwenti haikuwa na kosa: Corolla yangu na bushoni ya sokoni

Watu wanne waliinama juu ya moteri ya hii Corolla iliyokuwa inachemka, kila mmoja kwa siku yake, na wote wakatoa hukumu ileile: "Papa, fungua tena kilasi, jwenti haikukaa." (Kilasi ni kile wenzetu wa Dar wanachokiita silinda hedi, jwenti ni gasketi yake, na bushoni ni kifuniko cha radiateri.) Niliifunga mwenyewe na nilijua nimeifunga vipi, kwa hiyo nilikataa. Mkosaji nilimpata bila kugusa boloti hata moja ya kilasi.

Moteri ni 4A-FE, ile ya Corolla nyingi za miaka ya 1990. Kilasi iliporudi kutoka kusawazishwa niliilaza rula ya chuma juu ya uso wake, kwa marefu, kwa mapana na kwa mshazari, na kibamba cha kupimia cha 0.05 mm hakikupita chini ya rula popote. Boloti ni 10: za mm 108 zinakaa upande wa moshi, za mm 90 upande hewa inapoingilia. Nilikaza kuanzia katikati kwenda nje, kwa awamu, hadi Nm 29. Nikatia nukta ya rangi mbele ya kila kichwa, nikazungusha digrii 90, kisha 90 nyingine, mpaka nukta zote zikaangalia nyuma ya moteri. Baada ya hapo, anayekuja na ufunguo mrefu kutaka "kuongeza kidogo ikiwa moto" namwomba akae mbali.

Ugonjwa ulikuwa hivi: barabara ya tambarare hakuna shida, lakini nikipanda kuelekea Kadutu, hapa Bukavu, na watu wanne ndani, mshale wa joto unapanda, maji yanatokota na kufurika kwenye chupa ya akiba, na asubuhi radiateri imepungukiwa kama lita moja. Hakuna maji kwenye oili, hakuna moshi mweupe. Na kitu ambacho wote wanne walikipita bila kukigusa: diriti ya juu (bomba la mpira kati ya moteri na radiateri), hata gari ikiwa inachemka, ilibaki laini kama chapati.

Ushauri wa kwanza niliufuata, na hapo nijicheke mwenyewe. "Toa termostati, hiyo ni ya nchi za baridi." (Ndiyo vali inayozuia maji yasiende radiateri mpaka moteri ipate moto.) Nikatoa. Kando ya ziwa mshale ukalala chini kabisa, moteri ikawa inakula mafuta kana kwamba ndiyo kwanza imewashwa, na kwa siku tatu nikajitangaza fundi. Siku ya nne nikapanda Kadutu, chupa ikafurika palepale pa zamani. Nilichokuwa nimefanya ni kuichelewesha moteri kupata moto, basi.

Nikairudisha, ila kwanza niliipima kwenye sufuria, imening'inizwa kwa uzi isiguse chini. Ya moteri hii inaanza kufunguka kati ya 80 na 84, na kwenye digrii 95 lazima iwe imefunguka mm 8 au zaidi. Sisi wa Bukavu hatuhitaji hata kipimajoto: tuko kama mita 1,500 juu ya bahari, na huku maji ya sufuria yanachemka karibu na 95. Yakitokota, itoe na uipime kwa rula upesi kabla haijajifunga. Ya kwangu ilikuwa nzima. Wakati wa kuirudisha, kale kapini kadogo kanakotikisika ukingoni kakae juu. Ndiko hewa inakotokea.

Sasa jwenti. Kama jwenti inapitisha, moshi wa silinda unaingia kwenye maji, na utauona ukijua pa kuangalia. Moteri ikiwa baridi kabisa, nilitoa mkanda unaozungusha pompa ya maji (kwenye 4A-FE uko nje, hauhitaji kufungua chochote kikubwa), nikajaza radiateri hadi mdomoni, bushoni nikaiacha wazi, nikawasha. Pompa haizunguki, kwa hiyo hakuna kinachoweza kuvuruga maji ila gesi. Nikampa mtoto akanyage mafuta kidogo, nikahesabu sekunde 40, nikazima. Usizidishe dakika, maji yamesimama humo ndani. Maji yalitulia kama chai kwenye kikombe, bila hata povu moja. Jwenti inayovuja pia huifanya diriti ya juu kuwa ngumu dakika moja tu baada ya kuwasha asubuhi, na ukifungua bushoni gari ikiwa imelala baridi, inatoa pumzi. Ya kwangu haikufanya hata moja.

Ikabaki hewa. Ukifungua kilasi, maji yote yametoka, na unapojaza tena hewa inajificha juu, karibu na hita na nyuma ya termostati. Termostati ikizungukwa na hewa haipati moto wa maji, inakaa imefungwa huku kilasi inaungua. Dawa yake Bukavu ni bure, maana mpando haukosekani: niliegesha pua ikiangalia juu, nikaweka jiwe nyuma ya magurudumu, hita nikaifungua hadi mwisho. Chupa ya maji ya lita 1.5 nikaikata kitako, nikaigeuza kichwa chini, mdomo wake nikauzungushia kipande cha mpira wa ndani wa tairi hadi ukabana kwenye mdomo wa radiateri. Nikaijaza nusu. Kwa namna hiyo maji yanakuwa juu kuliko kila kitu kwenye moteri, na hewa haina pa kwenda ila humo. Nikaiacha iungurume, mara kwa mara mizunguko 2,000 hivi, huku naiminya diriti ya juu kwa kitambaa. Mapovu makubwa yalitoka: blup, kimya, blup. Termostati ilipofunguka, chupa ikashuka ghafla kama imenyonywa, diriti ya chini ikapata moto. Dakika 20 hivi. Maji niliyotumia ni ya mvua, nusu kwa nusu na antijeli (dawa ya kuzuia maji yasigande).

Vantilateri, yaani feni ya radiateri, niliijaribu kwa karatasi: ukiiweka mbele ya radiateri, ibaki imenata. Ikipeperushwa mbali, waya zimegeuzwa. Ilinata.

Nikapanda Kadutu. Ikachemka. Kwa kuchelewa zaidi, lakini ikachemka.

Hapo ndipo ile diriti laini iliponirudia kichwani. Kontakti (swichi ya joto) ya vantilateri kwenye gari hii inaamsha feni kwenye digrii 93. Maji matupu yasiyo na shinikizo yanachemka Bukavu kwenye 95. Digrii mbili tu, na antijeli inaongeza chache! Bushoni nzima ya 0.9 (yaani inashika shinikizo la bar 0.9 hivi) inasukuma mchemko hadi karibu 115, na ndiyo maana diriti inapaswa kuwa ngumu moteri ikipata moto. Ya kwangu haikuwa inafunga kitu.

Lakini ilikuwa mpya! Ya zamani ilipotea wakati wa kufungua moteri, nikanunua nyingine sokoni, dola mbili na kitu, imeandikwa 0.9, inaingia na kujifunga vizuri kabisa. Nikachanganya masizi ya sufuria na tone la oili, nikapaka mpira wake wa chini, nikaifunga gari ikiwa baridi, nikaifungua. Kama mpira unagusa, utaona duara jeusi ndani ya shingo ya radiateri. Shingo ilikuwa safi. Nikapima kwa rula: mpira uliishia kama mm 3 kabla ya kufika kwenye kikalio chake. Bushoni ya shingo fupi kwenye shingo ndefu.

Niliyoipata ya pili ilikuwa kuukuu, ya gari lililokatwa vipande, lakini masizi yaliacha duara zima, na mpira ukasukumika kwa dole gumba kwa shida. Jioni hiyo diriti ilikuwa ngumu kama tairi. Maji kwenye chupa ya akiba yalipanda upana wa vidole viwili, asubuhi yakawa yamerudi kwenye mstari wake. Nimeshuka nayo mteremko wa Ngomo hadi Kamanyola na kupanda tena imejaa, mshale haukufika nusu.

Juzi yule wa nne alipita, akatazama, akaniuliza ile jwenti mpya niliinunua wapi.