Kebo ya pawa ya bei ya pikipiki, na ule mngurumo wa spika zangu

Kila nikipiga picha seti yangu ya muziki nikaiweka status lazima atokee mtu aulize "mkuu, kebo ya pawa unatumia ipi?" Haulizi chumba kikoje, haulizi spika ziko umbali gani na ukuta, anauliza waya wa kuchomeka ukutani. Haya, leo nawajibu wote.

Kuna jamaa yangu tulijuana Kariakoo kwenye kuwinda amplifaya za mtumba, shemeji yake alimletea kebo ya pawa kutoka Dubai, nene kama mpira wa kumwagilia bustani, imevalishwa soksi nyeusi ya nailoni, vichwa vyote rangi ya dhahabu. Hela aliyonitajia unapata pikipiki used na mafuta ya kuanzia. Na hiyo ni ya kawaida tu, maana huko duniani kuna kebo za mita moja na nusu zinauzwa maelfu ya dola na watu wananunua. Akaniambia kaa nayo wiki mbili, hutataka kunirudishia.

Mimi nilikuwa na ugonjwa wangu wa siku nyingi, spika zinanguruma, ile mmmmm ya chinichini hata kama hakuna muziki unaopigwa, usiku watoto wakilala ndo unaisikia vizuri. Nikasema labda hii ndo dawa. Nikachomeka kebo, mngurumo uko palepale, haujatikisika.

Ila muziki sasa, mnyonge mnyongeni, siku ya kwanza nilisikia tofauti kabisa, besi imekaza, fidla za taarabu zinatoka moja moja. Nikamwita mama watoto asikilize, akasema mbona ni vilevile. Nikaona hapa kuna kazi. Kesho yake nikamwomba awe anabadilisha yeye, mimi nimekaa nimegeukia dirisha, kitufe cha sauti tumekiwekea alama na kalamu kisiguswe, anarusha shilingi, mwenge kebo nene, kichwa kebo ya kawaida, mara kumi. Nilipatia sita. Sita kwa kumi hata ningekuwa nabahatisha tu ningeweza kupata, ili mtu akuamini kwamba kweli unasikia inatakiwa ufike kama tisa hivi. Kubadilisha kebo kulikuwa kunachukua muda na masikio yanasahau haraka, hilo nakubali, lakini kama tofauti ni kubwa kama nilivyoisikia jana yake si ningeipata tu?

Nikienda kwenye hesabu ndo nikacheka mwenyewe. Waya wa shaba wenye unene wa milimita za mraba 1.5, kwa urefu wa mita moja na nusu, kwenda na kurudi ni mita tatu, ukinzani wake kama omu 0.036. Amplifaya ikivuta wati 400 kwenye volti 230 ni ampia kama 1.7, kwa hiyo unapoteza volti 0.06. Sifuri nukta sifuri sita! Na mimi hapa kwangu nikiweka mita kwenye soketi saa mbili usiku, mtaa mzima umewasha feni na pasi, nasoma 195. Hapo ndo pana mambo, kwa amplifaya ya transfoma kama yangu volti zikishuka toka 230 mpaka 195 kama uwezo wake wa juu kabisa ulikuwa wati 100 zinabaki kama 72. Sasa mtu anapigania volti 0.06 huku 35 zimeshapotea kabla hazijafika ukutani.

Na muziki wenyewe haunywi moja kwa moja kwenye soketi. Fikiria simtank juu ya paa, bomba la mtaani linajaza tanki, wewe jikoni unafungua maji ya tanki. Kwenye amplifaya tanki ni yale makapasita makubwa yanayokaa baada ya transfoma na diodi, yanajazwa mara 100 kwa sekunde kwa umeme wetu wa hezi 50, spika zinakunywa humo. Ukibadilisha kipande cha bomba pale getini, maji ya jikoni hayabadiliki ladha.

Mngurumo je? Fundi mmoja mzee akaniambia nichomoe waya wa dishi nyuma ya dekoda. Nikachomoa, kimyaaa. Kumbe dishi limefungwa kwenye bomba la chuma lililogusa ardhi, amplifaya ina ethi yake ya ukutani (ule waya wa usalama unaopeleka umeme ardhini), zikawa ethi mbili zinazungushiana umeme kupitia waya wa sauti. Nikatoa zile waya za sauti za RCA, nikapitisha sauti toka TV kwa waya wa optiko, ule unabeba mwanga sio umeme, mpaka kwenye daki (DAC, kifaa kinachogeuza sauti ya kidijitali iwe ya kuingia kwenye amplifaya), basi ikaisha. Tafadhali sana usije ukamsikiliza anayekwambia ukate pini ya ethi, mngurumo utaisha kweli ila siku ya shoti bodi zima la amplifaya ni umeme, na watoto wanagusa.

Kebo mbovu zipo lakini, nisieleweke vibaya. Nimeshachuna ekstensheni moja nikakuta ndani nyeupe, alumini imepakwa rangi ya shaba, nyembamba kama uzi, ukiishika baada ya saa moja ina moto. Hiyo tupa. Chukua yenye shaba, fyuzi sahihi, plagi isiyolegea, na usiilaze sambamba na waya za sauti, zikatizane tu. Na wale wa mtumba wa Japan, angalia mgongoni kwanza, kama imeandikwa 100V hakuna kebo ya kukuokoa, tafuta transfoma ya kushusha.

Jumapili nikamrudishia jamaa kebo yake. Akaichomeka mbele yangu, akaweka muziki, akafumba macho, "unasikia hiyo hewa hapo katikati?" Nikaangalia ile kebo, kwa uzito wake inaivuta plagi mpaka imechomoka nusu kwenye soketi, nikamsukumia ikakaa vizuri. Akasema "eeeh, sasa ndo imetulia zaidi."