Homa ya shemeji

Huku Mabogini, Kilimanjaro, tunalima mpunga, maji yamesimama majarubani na mbu si haba. Hata hivyo, siku hizi wengi wanaopimwa zahanati hawakutwi na malaria. Utafiti wa taifa wa 2022 ulipima watoto wa chini ya miaka mitano: Kilimanjaro waliokutwa na malaria ni chini ya asilimia 1. Tabora? Asilimia 23. Nchi moja hiyo hiyo.

Shemeji alikuja kutoka Tabora kusaidia kuvuna, homa ikamlaza. Mama mkwe akamchemshia mwarobaini, eti ni baridi ya mlima (baridi gani huku tambarare?). Nikampakia bodaboda. Akakutwa na malaria, akapewa dawa mseto, kisha muuguzi akaniuliza nyumbani nani mwingine ana homa.

Lile swali nimelielewa baadaye. Mbu wa malaria wa huku zaidi ni aina iitwayo Anopheles arabiensis: anang'ata ng'ombe, anang'ata watu, mara nyingi nje, wakati bado tunapiga soga uani. Chandarua kinamsubiri kitandani, yeye keshashiba. Akimpata mgonjwa mmoja asiyetibiwa, anasambaza. Kwa hiyo sitaki kusikia habari za mwarobaini tena.

Shemeji kaondoka na chandarua changu kipya. Mume wangu bado ananuna.